Kuki za tovuti: Ridhaa ya mteja si kitufe tu

MALI bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Walimhimiza mwenye duka aandike alichouza, alichokopesha na anayedaiwa. Leo kuna daftari la pili ambalo mwenye duka hakulinunua na mara nyingi hajui kama lipo. Linaandikwa kila mteja anapofungua tovuti ya nyumba ya wageni mjini Bagamoyo, ya kampuni ya kuuza viwanja Mapinga au ya kikundi kinachosindika mananasi Kiwangwa. Kalamu yake ni vijifaili vidogo viitwavyo kuki, ambavyo baadhi ya kampuni za teknolojia huviita vidakuzi kwa Kiswahili.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa ukanda wa pwani kaskazini ya Dar es Salaam, suala hili linaweza kuonekana la watu wa mbali. Hata hivyo, tangu 1 Mei 2023 Tanzania ina sheria inayomgusa kila anayekusanya taarifa za watu kwa ajili ya shughuli zake, awe benki kubwa au chama cha ushirika cha msingi (AMCOS). Wakati huohuo, wateja wanaotoka Ulaya kuja kuangalia magofu ya Kaole au kutembelea Hifadhi ya Saadani wanatoka katika nchi ambako kuki zina sheria yake kwa karibu robo karne.

Swali la msingi ni je, mfanyabiashara mdogo anatakiwa afanye nini, na kitamgharimu kiasi gani? Jibu si kubandika tangazo la "Kubali kuki" kwenye tovuti kisha kuendelea kama zamani. Kwa mwenye mtaji mdogo, njia rahisi ya kuitii sheria ni kukusanya taarifa chache zaidi.

Kuki zinavyofanya kazi

Kuki zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mtaalamu wa kampuni ya Netscape ya Marekani. Tatizo lililokuwapo lilikuwa la kibiashara. Tovuti haikuwa na kumbukumbu. Mteja akichagua bidhaa kwenye ukurasa wa kwanza na kwenda ukurasa wa pili, tovuti ilimwona kama mtu mpya kabisa.

Suluhisho lilifanana na la mwenye duka anayempa mteja kipande cha karatasi chenye namba. Mteja akirudi anaonesha karatasi, na mwenye duka anafungua ukurasa wenye namba hiyo kwenye daftari lake. Ndivyo ilivyo kwa kuki. Tovuti inatuma kijifaili, simu au kompyuta ya mteja inakihifadhi, na kila anaporudi kinarejeshwa kwa tovuti. Hapo hakuna ubaya. Bila kuki za namna hiyo, kapu la manunuzi lingemwagika kila ukurasa unapobadilika.

Mambo yalibadilika kampuni za matangazo zilipoingia. Tuchukulie kuwa katika kila duka kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo mjini amesimama kijana wa kampuni moja ya matangazo, na kila mteja anayeingia kijana anasoma namba ya karatasi yake. Kabla ya jioni kampuni hiyo itajua kuwa namba fulani asubuhi iliulizia mbegu, mchana ikaulizia dawa ya presha, na alasiri ikaulizia mkopo. Haijui jina lake, lakini inamjua kuliko jirani yake anavyomjua. Hizi ndizo kuki za mtu wa tatu, na ndizo zilizozaa sheria.

Thamani ya taarifa hizo si ngeni kwa mkulima wa mananasi. Dalali akijua kwamba shehena ilivunwa juzi na haiwezi kusubiri, bei inashuka pale pale shambani. Tunda halijabadilika wala soko halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja wa mapatano unajua shida ya upande wa pili. Anayejua zaidi ndiye anayepanga bei. Kuki za matangazo ni biashara ya kukusanya ujuzi wa aina hiyo kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu. Kwa miaka mingi hakukuwa na sheria mahsusi ya kuitekeleza katika eneo la taarifa binafsi. Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Sheria hiyo haitaji kuki kwa jina. Hilo limewafanya baadhi ya wamiliki wa tovuti wadhani kuwa hawahusiki. Dhana hiyo si salama. Sheria inazungumzia taarifa za mtu anayeweza kutambulika, zikiwemo namba au alama aliyopewa, bila kujali zimehifadhiwa kwa namna gani. Kuki inayobeba namba ya mteja na kuunganishwa na jina au simu aliyoandika wakati wa kuweka nafasi ya chumba ni taarifa binafsi kama ilivyo saini yake kwenye kitabu cha wageni.

Kwa ufupi, sheria inamtaka anayekusanya taarifa awe na kusudi halali linalohusiana na shughuli yake. Kabla ya kukusanya, amfahamishe mhusika kusudi hilo na nani watakaozipokea. Taarifa zilizokusanywa kwa jambo moja hazitumiki kwa jambo jingine, isipokuwa kwa ridhaa au katika mazingira yaliyotajwa na sheria. Mhusika ana haki ya kuziona taarifa zake, kutaka zirekebishwe, na kukataa zisitumike kumpelekea matangazo ya biashara. Aidha, anayekusanya au kuchakata taarifa anatakiwa kujisajili kwa Tume, ambayo iliongeza muda wa usajili hadi 30 Aprili 2025.

Kipengele kingine muhimu kwa suala la kuki ni taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, ambazo zimewekewa masharti yake. Nyumba ya wageni ya Bagamoyo inayoweka kwenye tovuti yake kifaa cha kampuni ya matangazo ya Marekani imeshaanza kupeleka taarifa za wageni wake nje ya mipaka, hata kama mwenye nyumba hajawahi kutoka Mkoa wa Pwani.

Adhabu si ndogo. Tume inaweza kutoza faini ya hadi Sh milioni 100 kwa asiyetekeleza maelekezo yake. Kwa kosa la kutoa taarifa za watu kinyume cha kusudi lililokusudiwa, mtu binafsi anaweza kutozwa faini ya kati ya Sh 100,000 na Sh milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni au taasisi inaweza kutozwa kati ya Sh milioni 1 na Sh bilioni 5. Viongozi wa AMCOS wakumbuke kuwa chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria, hivyo kiko kwenye fungu la pili na si la kwanza.

Ni vyema ikaeleweka pia kuwa sheria hii bado inanyooshwa. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu iliona kuwa baadhi ya vifungu vinavyohusu ukusanyaji wa taarifa havikuandikwa kwa uwazi wa kutosha, ikaitaka Serikali ivirekebishe. Uamuzi huo haukuiondoa sheria wala wajibu wa kuomba ridhaa.

Somo kutoka Ulaya

Umoja wa Ulaya ulianza kuzungumzia kuki katika agizo lake la mwaka 2002. Mwanzoni ilitosha kumweleza mtumiaji na kumpa nafasi ya kukataa. Marekebisho ya mwaka 2009 yalikwenda mbali zaidi na kutaka ridhaa ipatikane kabla ya kuki kuwekwa, isipokuwa zile za lazima kwa huduma aliyoiomba mtumiaji mwenyewe. Kanuni ya jumla ya ulinzi wa taarifa, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, ikafafanua ridhaa ni nini: itolewe kwa hiari, kwa jambo mahsusi, baada ya mtu kuelezwa, na kwa kitendo kisicho na utata.

Wafanyabiashara wakatafuta njia ya mkato. Kampuni ya Planet49 ya Ujerumani iliendesha bahati nasibu mtandaoni, ikaweka kisanduku cha kukubali kuki ambacho tayari kimetiwa alama ya vema. Asiyetaka alipaswa kuifuta mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa hiyo si ridhaa, kwa sababu kunyamaza si kukubali.

Nchini Ufaransa mchezo ulikuwa tofauti. Kitufe cha kukubali kilikuwa kimoja na kikubwa, lakini kukataa kulihitaji kupita hatua kadhaa. Mwezi Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo, CNIL, ilitangaza kuitoza Google faini ya Euro milioni 150 na Facebook Euro milioni 60, ikisema kukataa lazima kuwe rahisi kama kukubali. Mwezi Septemba 2025 iliitoza tena Google Euro milioni 325, kwa makosa yaliyohusu kuki pamoja na matangazo yaliyowekwa katikati ya barua pepe.

Pamoja na faini hizo, Ulaya imeona kuwa matangazo ya kuki yamewachosha watu. Mtumiaji anayeulizwa swali lile lile mara 20 kwa siku hubonyeza "Nakubali" ili apite. Mwezi Novemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kurekebisha masharti hayo ili maswali yapungue. Hili ni somo kwa Tanzania. Kuiga tangazo bila kuiga kusudi lake ni kuwaongezea wananchi usumbufu bila kuwaongezea ulinzi.

Majirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ni ya mwaka 2019, wamechukua mkondo unaoeleweka zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa taarifa nchini humo iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya Sh 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu zilizopatikana kutoka kwa wengine. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa Sh 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Makosa hayo hayakuhusu kuki, lakini kanuni iliyotumika ni moja: taarifa ni ya mwenyewe, na anayeitaka aombe.

Bagamoyo inaguswa vipi

Kanuni ya Ulaya inaweza kumfuata hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya, ikiwa analenga kuwauzia watu walioko huko au anafuatilia mienendo yao mtandaoni. Tovuti kuonekana Ujerumani peke yake hakutoshi. Lakini tovuti ya hoteli ya Bagamoyo yenye kurasa za Kijerumani na bei za Euro ni dalili kuwa mteja anayetafutwa ni wa huko. Mgeni kutoka Uingereza naye ana sheria yake inayofanana na hiyo.

Kwa uhalisia, si rahisi kumwona mkaguzi kutoka Berlin akishuka na daladala mjini Bagamoyo kukagua tovuti ya nyumba yenye vyumba 10. Shinikizo linaweza kuja kwa njia nyingine. Wakala wa utalii wa Ulaya, au mnunuzi wa mananasi yaliyokaushwa na sabuni ya mwani wa Mlingotini, naye anabanwa na sheria ya kwao. Akiandika mkataba anaweza kumtaka mshirika wake wa Tanzania aoneshe jinsi anavyotunza taarifa za wateja. Mkulima wa mazao ya nje anaijua hali hii. Masharti ya mabaki ya dawa kwenye mboga nayo hutungwa mbali, lakini yanamfikia shambani kupitia kwa mnunuzi.

Upande wa pili wa suala hili ni faida ya mfanyabiashara mwenyewe. Mafundi wa tovuti huweka vifaa vya bure vya kuhesabu wageni na vitufe vya mitandao ya kijamii bila mwenye tovuti kuviomba. Bure hiyo ina bei. Chukua mfano wa mgeni wa Hamburg aliyefungua tovuti ya nyumba ya wageni ya Bagamoyo ambayo ina kifaa cha kampuni ya matangazo. Kampuni hiyo sasa inajua kuwa simu ile inatafuta malazi pwani ya Tanzania. Inaweza kuuza nafasi ya kumtangazia mgeni huyo kwa hoteli kubwa ya Zanzibar yenye fedha za matangazo. Mwenye nyumba ya Bagamoyo amemtafutia mshindani wake mteja, na kumtoza hakumtoza.

Hali kadhalika kwa mkulima anayetumia simu. Tangu msimu wa 2022/23 amezoea kujisajili ili apate mbolea ya ruzuku. Anaombwa namba ya simu na duka la pembejeo, na programu za mikopo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kufuatia malalamiko yaliyohusu pia faragha ya wakopaji. Wengi waliokopa kwa njia hizo walibonyeza "Nakubali" bila kusoma, au walisoma maneno ya lugha wasiyoielewa. Tangazo la kuki la Kiingereza linalofunika nusu ya kioo cha simu ya mkulima wa Kiwangwa halina tofauti. Ridhaa isiyoeleweka haiwezi kuitwa ridhaa, hata kama kidole kimegusa kitufe.

Hatua zisizo na gharama kubwa

Hatua ya kwanza ni mwenye tovuti kumtaka fundi wake ampe orodha ya kuki zote, aelezwe kila moja inafanya kazi gani na taarifa zake zinakwenda kwa nani. Orodha hiyo fundi anaweza kuitoa kwa siku moja.

Ya pili ni kuondoa zisizotumika. Mwenye nyumba ya wageni ambaye hajawahi kufungua takwimu za wageni wa tovuti yake hana sababu ya kuendelea kuzikusanya. Zikibaki kuki za lazima pekee, mzigo wa kuomba ridhaa unapungua sana, na tovuti inafunguka haraka zaidi kwenye simu yenye bando dogo.

Ya tatu ni kwa wale wanaohitaji kuki za matangazo. Hao waweke tangazo la Kiswahili chepesi, na la lugha ya wageni wao, lenye vitufe viwili vilivyo sawa kwa ukubwa: "Nakubali" na "Nakataa". Kuki zisiwekwe kabla mteja hajajibu, na aliyekubali jana aweze kubadili mawazo leo.

Ya nne ni kukumbuka madaftari mengine. Kitabu cha wageni, orodha ya wanachama wa AMCOS, kundi la WhatsApp la wateja wa viwanja na nakala za vitambulisho vya taifa zilizolundikwa kwenye droo vyote vina taarifa binafsi. Tovuti safi haimsaidii anayegawa namba za wateja wake kwa dalali mwingine.

Ya tano ni kujisajili kwa Tume, na kumteua mtu mmoja ofisini ajue taarifa ziko wapi na nani anazigusa. Kwa biashara ya watu watatu, mtu huyo anaweza kuwa mwenye biashara mwenyewe.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwongozo mfupi wa Tume unaozitaja kuki kwa jina, unaotofautisha benki na muuza mwani, ungewaondolea wadogo hofu na kuwazibia njia wajanja. Maofisa biashara na maofisa ushirika wa halmashauri za Bagamoyo na Chalinze, ambao tayari hukutana na watu hawa kwenye leseni na mikutano mikuu ya vyama, ndio wanaofaa kuupeleka mwongozo huo vijijini. Kusubiri mpaka faini ya kwanza imwangukie mfanyabiashara mdogo ndipo elimu ianze kutolewa kutakuwa ni kuchelewa.

Mfanyabiashara wa pwani tayari anajua thamani ya mteja anayerudi. Mgeni akiamini kuwa jina lake, simu yake na safari yake vimebaki mikononi mwa aliyempa, atarudi na atawaambia wenzake. Kwa biashara isiyo na fedha za kushindana kwa matangazo na hoteli kubwa, uaminifu huo ni mtaji, na kuulinda kunaanza kwa kuuliza swali moja kwa fundi wa tovuti: hizi taarifa za wateja wangu zinakwenda wapi?